Sauti ya Okito Katika Simu ya Nduguye

Wako wasomaji walionifuata hadi sokoni wiki hii kuniuliza kama maiti anaweza kuongea kwenye spika. Mmoja akaniambia nimemkosesha usingizi, na kwamba mkewe amehamishia redio jikoni. Haya, keti. Hata mimi mwenyewe sikulala vizuri.

Tulimwacha Clémentine ndani ya kibanda cha Blanchard cha kuchaji simu, kwenye barabara inayoshuka kivukoni, hapa Kindu. Mumewe, Mardochée, alikuwa kitandani na homa, ndiyo maana kwa mara ya kwanza simu yake ilitoka nyumbani bila yeye. Alimpa mkewe sharti moja tu: ichajiwe, isifanyiwe kingine chochote. Clémentine akaona heri amfurahishe mgonjwa, amwekee nyimbo za kwaya. Waya ulipochomekwa kwenye kompyuta, simu ikauliza inatakiwa kufanya nini, kuchaji tu au kuhamisha faili, na kidole cha Clémentine kikagusa pale pa kuhamisha. Blanchard akaingia ndani ya simu kutafuta pa kuweka nyimbo, akakuta rundo la sauti, akabonyeza moja akidhani ni rumba.

Spika kubwa iliyotazama barabarani ikasema:

"Clémentine. Clémentine wangu. Leo tena nilikuota."

Ilikuwa sauti ya Okito, mume wake wa kwanza, aliyezikwa wakati wa vita.

Na isingekuwa sauti ya mtu mwingine, kwa sababu sauti ile mji mzima uliijua. Okito ndiye aliyekuwa akiita abiria pale gare, kwenye kituo cha treni. Treni ikikaribia kuondoka alisimama juu ya benchi na kutaja vituo kimoja kimoja hadi Kongolo, na waliokuwa bado nyumbani wakifunga mizigo walimsikia. Sasa barabara nzima ilisimama. Mama mmoja aliyebeba ndizi aliziweka chini polepole, akageuka, akarudi alikotoka bila kuziokota. Mzee wa baiskeli akavua kofia.

Blanchard alikuwa mtoto wakati wa vita, lakini alizima spika bila kuambiwa na mtu. Kwa haraka yake akaangusha kipanya chini ya meza.

Clémentine hakulia. Alishika ukingo wa meza akabaki hivyo, macho kwenye simu ya mumewe, na kitu pekee alichokifikiria, aliniambia baadaye, ni lile shati la bluu.

Niwakumbushe shati. Mwaka 2002, mji ukiwa umefungwa pande zote na treni zimekufa relini, watu wenye silaha walimkamata Okito barabarani, wakamtwika mzigo kichwani, wakamvusha mto kwenda Alunguli. Clémentine alikuwa na mimba. Okito hakurudi. Walipochoka kungoja, ukoo ulifanya kama unavyofanya mtu akifa bila maiti kuonekana: walikata mgomba, wakauvika shati lake la bluu, wakaulilia usiku kucha na kuuzika. Clémentine mwenyewe ndiye aliyefunga vifungo. Matanga yalipokwisha, mdogo wa marehemu, yaani Mardochée, akamrithi mjane kama desturi inavyotaka. Mtoto alipozaliwa wakamwita Mamy, na mtu wa kwanza Mamy kumwita papa alikuwa Mardochée.

Mnaelewa sasa kwa nini mwanamke yule hakulia. Alikwisha kumlilia Okito machozi yake yote, na sasa sauti ilikuwa inarudi kutoka katika mgomba.

Mamy aliingia wakati huohuo. Anafundisha shule ya msingi ng'ambo ya barabara, na watoto ndio waliomwambia kuwa kwa Blanchard mtu aliyekufa anamwita mama yake. Alikuja chaki bado mkononi, amekasirika, tayari kumgombeza Blanchard kwa mzaha mbaya. Mama yake akamwambia anyamaze, asikilize.

"Blanchard," Clémentine akasema, "weka tena. Polepole, watu wa inje wasisikie."

Blanchard alijaribu kukwepa. Alisema pengine ni kaseti ya zamani, mtu ameihamishia kwenye simu kama kumbukumbu, watu wanafanya hivyo siku hizi. Alisema pia kwamba kibanda chake ni cha Mungu na hataki mizimu ndani. Clémentine akamtazama tu. Blanchard akaokota kipanya, akabonyeza sauti iliyofuata.

"Mardochée, mudogo wangu," ilisema sauti, chini chini safari hii. "Leo nimewasha tena mushumaa ya Clémentine. Kila mwaka naita jina yake, pengine atanisikia kule aliko. Nasikia Mamy alipata diplôme. Nilifurahi sana, nililia. Usimwambie kitu. Heri ajue baba yake alikufa, kuliko ajue watu wanamuita musaliti."

Chaki ilianguka kutoka mkononi mwa Mamy.

Kaseti gani ya zamani inayojua kuhusu diplôme? Mamy alipokuwa akipakwa unga mweupe kichwani siku ya matokeo, kama wanavyopakwa wanaofaulu, vita vilikuwa vimekwisha zamani, na aliyezikwa kama mgomba alikuwa hai mahali fulani, amepata habari, amefurahi, amelia.

Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake Mamy kusikia sauti ya baba yake. Sauti yenyewe ilikuwa inaomba asiambiwe kitu.

Clémentine alikuwa amekwama kwenye neno jingine kabisa. Mshumaa wa Clémentine. Alilirudia mara kadhaa, midomo tu ikicheza, hadi likamwingia. Watu hawawashii mshumaa mtu anayekaanga samaki nyumbani kwake. Okito alikuwa akimlilia yeye. Huku Kindu yeye amemzika Okito, na kule aliko Okito amemzika yeye, na kati ya makaburi hayo mawili yasiyo na mtu alisimama mtu mmoja, mwenye simu hii.

"Mama," Mamy akasema, "papa alijua."

Kwa muda, nasema kama alivyosema mwenyewe, Clémentine hakuwa na uhakika ni nani kati yao wawili aliye maiti. Alijigusa shavu.

Blanchard sasa udadisi ulikuwa umeshinda woga. Alieleza jambo ambalo Mardochée, kwa ujanja wake wote, hakulijua. Mardochée alikuwa akifuta kila ujumbe baada ya kuusikiliza, na kwenye kioo cha simu hakukuwa na kitu. Lakini sauti zenyewe zilibaki ndani ya folda. Simu ikiwekwa kuchaji tu, hakuna anayeziona. Ikiwekwa kuhamisha faili, kompyuta inafunguliwa mlango na kuonyeshwa chumba chote. Miaka yote Mardochée alikuwa akisimama hapohapo kibandani akimkazania Blanchard, charge peke, charge peke, yaani kuchaji tu, kwa tahadhari ya mtu mwenye siri, na Blanchard alidhani ni mzee anayeogopa virusi.

Wakasikiliza nyingine. Katika moja Okito alikohoa sana na kumwomba ndugu yake dawa. Katika nyingine alieleza jinsi Lubutu mvua ilivyobomoa daraja. Katika nyingine hakusema kitu, palisikika pumzi tu na jogoo. Mamy alisikiliza ile ya pumzi mara mbili.

Kisha mlango ukaingia giza.

Mardochée alisimama pale na koti zito juani, jasho likimtiririka, macho mekundu ya homa. Mtu fulani alikuwa amekimbia kumwambia. Najua ni nani, na nitamshughulikia siku yake ikifika. Mardochée hakupiga kelele. Alimsalimu Blanchard, akamsalimu binti yake, akaomba simu yake.

Hapa palikuwa na kitu kilichowaokoa, nacho ni uzee wa betri. Simu ile ikichomolewa waya inazimika papo hapo. Na Mardochée alikuwa anangoja kupigiwa. Ndiyo maana hakuichomoa. Alifikia mezani, akavuta kioo kutoka juu kwa kidole, akagusa palepale mkewe alipogusa, akabadilisha. Kuchaji tu. Kwenye kompyuta ile folda ikafumba, na orodha nzima ya sauti ikatoweka kama haikuwapo.

"Imekwisha," akasema. "Ilikuwa shetani. Twende nyumbani, mama Mamy."

Clémentine alimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayoulizia kama chumvi ipo, tangu lini anajua kuwa Okito yuko hai.

Mardochée alikaa kwenye sanduku la soda. Nilijitayarisha kumchukia mtu huyu, na ninamchukia, lakini niseme alichosema. Alisema walipozika mgomba yeye alilia kweli, aliamini kweli. Alisema Mamy alikuwa ameanza kutembea wakati mchuuzi mmoja kutoka Lubutu alipomletea habari kwamba kaka yake yuko hai, amekimbia wale waliomteka, anaogopa kurudi kwa sababu alivalishwa nguo zao. Mardochée alisafiri hadi kule. Alimkumbatia. Na alipofungua mdomo kumwambia mkeo anakungoja, alijikuta anasema mkeo alikufa, na mjini wanakuita msaliti, ukirudi watakuua.

"Sikupanga," akasema. "Ile neno ilitoka yenyewe. Na kisha ikakuwa myaka."

Nje pikipiki zilianza tena kupita.

"Mulikuwa mushafika kwangu," akaendelea. "Weye na mutoto. Ningewapeleka wapi?"

Mamy ndiye aliyesogea. Alinyoosha mkono kwenye simu, na Mardochée akaufunika mkono ule kwa wake, bila nguvu.

"Mamy. Miye njo papa yako."

Kwamba yeye ndiye papa yake alilisema kweli, na Mamy alijua ni kweli. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni akiwa na surua. Huyu ndiye aliyeuza baiskeli yake ili amlipie shule. Niliwahi kumuuliza Mamy alifikiria nini dakika ile, akaniambia alifikiria ile sauti yenye pumzi na jogoo, jinsi mtu anavyoweza kubonyeza ili aongee kisha akakosa la kusema juu ya mwanawe. Aliutoa mkono wake chini ya mkono wa Mardochée polepole, akavuta kioo kutoka juu, akagusa. Kuhamisha faili.

Folda ikafunguka. Kulikuwa na sauti ambayo hawakuifikia, ya mwisho kabisa. Tarehe yake ilikuwa ya siku hiyohiyo.

Mardochée aliinuka kutoka kwenye sanduku. Blanchard, ambaye sikutegemea kitu kwake, alisimama kati yake na meza, akamwomba radhi, akabaki amesimama. Mamy akabonyeza.

"Mardochée, usikasirike. Bado niko Alunguli. Nilifika jana. Niko muntu muzee sasa, kama watu wa gare wanataka kuniua, waniue. Nataka kitu moja tu. Unionyeshe kaburi ya Clémentine, nikae pale kidogo, halafu nitaenda. Nangoja pirogue yako, vile ulisema."

Alunguli, msomaji. Ng'ambo tu ya mto, anangoja mtumbwi. Kutoka mlangoni kwa Blanchard, watu wakisogea, unaona paa zake za bati.

Clémentine alipata nguvu ya kusimama wima. Uso wake ulifunguka kiasi kwamba Mamy alimwona mama yake akiwa msichana. Kisha likaja lile neno la mwisho la ujumbe, nalo likamrudisha chini.

"Vile ulisema," akarudia. "Mardochée, ulisema nini?"

Mardochée alitazama sakafu.

"Nilituma watu wawili na pirogue."

"Wamulete?"

"Wamurudishe. Niliwaambia wamurudishe Lubutu."

"Na akikataa?"

Homa ilikuwa inamtikisa. Alifungua mdomo, akaufunga. Clémentine ameishi naye miaka yote hii, anajua anavyonyamaza akiwa na aibu, na anavyonyamaza akiwa na hasira. Hiki hakikuwa kimojawapo. Kilikuwa ni kimya cha mtu ambaye hakuwauliza watu wake watafanya nini, ili asijue. Na sasa mliokuwa mkiuliza alikuwa anangoja simu ya nani, mmejua.

Clémentine alimwambia Mamy akimbie kivukoni, apande mtumbwi wowote, avuke, aite jina la baba yake kwa sauti yake yote. Mamy alikwisha kuondoka kabla sentensi haijakamilika. Yeye mwenyewe angemfuata, miguu ilikuwa tayari. Lakini simu haikuweza kutoka kwenye waya. Ikitoka, inakufa, na njia pekee ya kumfikia Okito kabla ya wale wawili ilikuwa ndani yake. Akabaki hapo mezani, amefungwa kwa waya usiozidi urefu wa mkono, huku mto ukionekana.

"Namba yake," akasema. "Iko na jina gani?"

Angeweza kukataa. Sijui kwa nini hakukataa. Pengine ni homa, pengine ni ule mkono wa Mamy uliotoka chini ya wake.

"Client Lubutu," akasema Mardochée, na akajifunika uso kwa koti.

Blanchard alimtafutia, akaona salio la kupiga hakuna, akamwonyesha pa kubonyeza ili atume sauti. Clémentine alisogeza mdomo karibu na simu. Hakujua mtu anamwambiaje mumewe kwamba hajafa. Akasema:

"Okito. Njo miye, Clémentine. Sikufa. Niko muzima, niko hapa Kindu. Usipande mu pirogue ya Mardochée. Kaa palepale, katikati ya watu. Mamy anakuja kukutwaa."

Akaachia. Alama moja ikatokea chini ya ujumbe, maana yake umetoka. Kisha ya pili, maana yake umefika. Blanchard alishusha pumzi, akasema Mungu mkubwa. Hata Mardochée aliinua kichwa.

Walingoja. Jua lilikuwa kali juu ya bati, na ndani kulinuka plastiki ya moto. Clémentine alianza kufikiria mambo ya kijinga, kwamba kichwa chake hakijasukwa, kwamba nyumbani hakuna nyama. Alijishika akitabasamu.

Simu ikatikisika mezani. Sauti ilikuwa imeingia. Blanchard akabonyeza, na kabla ya maneno wakasikia kitu kingine kwanza, maji yakipiga ubavu wa mbao, kasia likiingia na kutoka.

"Clémentine," alisema Okito, na alikuwa anacheka kidogo, taratibu, kama mtu aliyepata alichokitafuta. "Nilikuita myaka yote, leo umeniitika. Nilijua karibu na kaburi yako nitakusikia. Usiogope kwa ajili yangu. Kama umekuja kunipokea, niko tayari. Nishapanda, tuko katikati ya maji. Hawa watu wa Mardochée wananiambia nizime simu."

Clémentine alibonyeza tena. Alisema mimi si mzimu, Okito, mimi ninapumua, ruka majini, ogelea, ulikuwa unajua kuogelea. Alisema mpaka pumzi ikamwishia, akaachia kidole.

Alama moja ikatokea chini ya ujumbe. Wote watatu waliitazama, hata Mardochée, na ikabaki moja.